LED taa za nyuma bila dashibodi kulalamika balbu imekufa: tuelewane humu

FundiWaya

Habari za mihangaiko wakuu.

Karibu kila wiki naletewa gari lenye kesi hii. Mtu kanunua LED za taa za nyuma Kariakoo, kazichomeka mwenyewe, zimewaka, kafurahi. Kesho yake dashibodi inamwandikia taa ya breki ya kushoto haifanyi kazi, na ukizunguka nyuma unaikuta inawaka vizuri tu. Mwingine indiketa zinakimbia mbio. Mwingine kaegesha, kafunga milango, taa zinametameta gizani mpaka mlinzi anamgongea dirishani. Jirani anamshauri anunue zile zilizoandikwa CANBUS. Ananunua, onyo linaondoka, baada ya muda linarudi na kitako cha balbu kimeyeyuka.

Siuzi taa na sitaweka namba ya simu humu. Ninachotaka tukubaliane ni kwamba onyo la balbu haliondolewi kwa kubahatisha. Jua kwanza gari lako linapima nini, ndipo uchague dawa. Magari mawili yaliyoegeshwa pamoja yanaweza kutaka dawa mbili tofauti kabisa.

Gari halioni mwanga. Linapima umeme unaopita kwenye waya wa taa husika. Balbu ya kawaida ya breki, ile ya kitako cha chuma iliyoandikwa P21W, ni wati 21. Kwa volti 12 inavuta ampia 1.75. LED utakayoichomeka mahali pake inavuta ampia 0.2 mpaka 0.4 basi. Kompyuta imezoea kuona karibu ampia 2, ikiona 0.3 inatangaza kwamba hapa hakuna balbu. Haijakosea, imefanya kazi iliyotumwa.

Hicho ni kipimo cha wakati taa inawaka. Kipo kingine ambacho wengi hawakijui: magari mengi ya Ulaya yanapima taa zikiwa zimezimwa. Kompyuta inarusha umeme wa kitambo kidogo mno kwenye waya ili ione kama njia haijakatika. Balbu ya kawaida ikiwa ya baridi ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi tu ya ule wa ikiwa inawaka, kwa hiyo umeme unapita kirahisi na uzi wa ndani haupati hata muda wa kupata moto. LED haihitaji kupata moto. Ikiguswa na umeme imeshawaka. Ndiyo maana zinapepesa na wewe hujashika swichi yoyote. Hakuna jini hapo.

Halafu kuna suala la kufifisha. BMW nyingi za enzi za E90 (umbo mojawapo la 3 Series), kwa mfano, zinatumia balbu ya wati 21 kama taa ndogo. Ili isiwake kwa nguvu zote, kompyuta inakata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde. Balbu ya kawaida haijali, maana uzi wake hauwahi kupoa katikati. LED inazima na kuwaka kila umeme unapokatwa. Ukiiangalia kwa kamera ya simu utaiona inacheza, na ikiwa ya ovyo utaiona hata kwa macho.

Sasa hizo "CANBUS". CAN ni njia ya mawasiliano ya kompyuta za gari, Bosch waliitambulisha mwaka 1986. Balbu yako haizungumzi na kompyuta yoyote. Ndani ya ile balbu wameweka rezista ndogo ili ivute umeme zaidi na kuidanganya kompyuta. Wati zile lazima ziende mahali, na zinakwenda kuwa joto ndani ya kitako chenye ukubwa wa kidole gumba. LED na joto havikai nyumba moja.

Ulizeni, nikitoka gereji nitajibu.

Kijana_Tabata

Mkuu nimekusoma. Mimi nina Toyota Mark II GX100, sina hizo kompyuta za Mjerumani. Nimeweka LED pande zote za nyuma. Indiketa zinakimbia kama zina mashindano, na kwenye dashibodi imewaka taa ya njano yenye mchoro wa balbu. Fundi wa mtaani kwetu kasema tuchomoe balbu ya ile taa ya dashibodi tumalize kesi 😂

FundiWaya

@Kijana_Tabata hahaha, huyo fundi mwambie kuzima king'ora si kuzima moto.

Una kesi mbili tofauti ndugu yangu, usizichanganye.

Ya indiketa ni nyepesi. Kuna rilei inayotoa ule mlio wa tik tak, na inapima mzigo. Ikiona mzigo umepungua inajua balbu moja imekufa, inaongeza mwendo ili dereva ashtuke. Nunua rilei ya elektroniki ya LED inayolingana pini na ya kwako. Chomoa ya zamani ukaangalie nayo dukani, usiende na jina la gari tu, maana hata ndani ya Toyota pini zinatofautiana. Rilei hiyo inahesabu muda wake yenyewe bila kujali mzigo. Mwendo sahihi kwa kanuni za kimataifa ni mara 60 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo kaa na saa ya simu uhesabu. Hasara yake: siku indiketa ikifa kweli hutaambiwa.

Ya taa ya njano ni kisanduku kidogo kinachokaa kwenye buti, waya za breki na taa ndogo zinapitia humo. Kinapima mzigo kama kompyuta inavyofanya, ila cha kizamani. Hapo una njia mbili: rezista kwenye waya wa breki, au urudishe balbu za kawaida kwenye breki na ubaki na LED kwenye indiketa na rivasi. Kwa Mark II mimi ningechukua hiyo ya pili bila kufikiri sana.

Mama_Golf

Kaka FundiWaya shikamoo ya kazi. Nina Golf, fundi mmoja ananiambia rezista, mwingine anasema kodingi. Wote wawili wanaongea kwa kujiamini. Nimsikilize nani?

FundiWaya

Dada, msikilize wa kodingi, kama kweli ana kifaa na anajua anachobofya.

Kwenye Volkswagen na Audi kuna moduli inayosimamia umeme wa bodi. Ukiingia kwa VCDS au OBDeleven, vifaa vya kuongea na kompyuta ya gari, unaweza kuiambia taa fulani sasa ni LED, au kuzima kile kipimo cha baridi (cha taa zikiwa zimezimwa) peke yake. Kubadili mipangilio hiyo ndiyo kodingi. BMW hivyohivyo, kipimo cha baridi na cha moto (cha taa zikiwa zinawaka) vinatenganishwa, hata kwa programu ya simu kama BimmerCode kwa baadhi ya matoleo. Mercedes ni ngumu zaidi, hiyo usimpe mtu wa kujifunzia.

Jambo la kumdai fundi wako: kabla hajagusa kitu, ahifadhi kodi ya zamani na akuoneshe kaihifadhi wapi. Piga picha skrini kwa simu yako mwenyewe. Gari likibadili mmiliki, au ukitaka kurudisha balbu za kawaida, hiyo picha ina thamani kuliko risiti ya LED.

Uzuri wa kodingi ni kwamba huongezi joto wala hukati waya hata mmoja. Na ukizima kipimo cha baridi tu, mara nyingi kupepesa kunaisha huku kipimo cha moto kikiendelea kufanya kazi kwa zile taa ambazo hujazibadili. Ukizima vyote, umelinyamazisha gari. Basi jizoeze kurudi kinyumenyume hadi karibu na ukuta usiku, ukanyage breki na uangalie mwanga ukutani.

Mwenye BMW aniskie vizuri: usichezee waya taa zikiwa zinawaka. Moduli ya taa ya E90 na ndugu zake inahesabu shoti. Zikifika idadi iliyopangwa inaifunga ile njia ya umeme, na hata ukirudisha balbu mpya ya kawaida haitawaka mpaka hesabu ifutwe kwa kompyuta. Wengi wameuziwa moduli nzima kwa kosa hilo.

Mkaazi_Kisauni

Salaam aleikum. Mie niko Mombasa. Hiyo rezista ndugu zangu msiifanyie mzaha. Nilitiliwa na fundi mmoja huku, akaifunga kwa tepu nyeusi nyuma ya kile kitambaa kigumu cha ndani ya buti, akafunika, kazi safi. Siku mbili tatu mambo shwari. Jioni moja niko foleni ya feri Likoni, mguu kwenye breki, wasonga wasimama, wasonga wasimama. Mke wangu akaniuliza kuna nani anayechoma plastiki. Kufungua buti, kile kitambaa kimetoboka tundu la mviringo, kingo zake nyeusi zinang'aa, na ile tepu imekuwa kama ulimbo. Rezista yenyewe ukiigusa ngozi yabaki hapo.

Nataka kuelewa, mbona ilikuwa imeandikwa wati 50 na taa ni wati 21? Si ilikuwa na nafasi tele?

FundiWaya

Waaleikum salaam mzee wangu. Pole sana, na swali lako ndilo la maana kuliko yote humu.

Rezista zinazouzwa sana ni za omu 6, zile za bati la dhahabu. Gari likiwa linaunguruma volti haziko 12, ziko karibu 14. Zidisha 14 kwa 14, gawa kwa 6, unapata wati 32 na ushee. Zote joto. Balbu ya kawaida nayo inatoa joto, lakini iko ndani ya chumba cha taa kilichotengenezwa kwa ajili yake, kina kioo cha kurudisha mwanga na nafasi ya hewa. Rezista ni kipande cha bati chenye urefu wa kidole.

Na ile namba 50 iliyoandikwa ni kwa rezista iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma kipana cha kunyonya joto. Ukiiacha inaning'inia hewani, uwezo wake unashuka sana. Ukiifunika kwa tepu na kitambaa umeipikia humohumo. Inapita nyuzi 100 bila shida. Ndiyo maana zina masikio mawili yenye matundu, fundi akayaona ya urembo.

Ukilazimika kuitumia: ifunge kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na plastiki, zulia na waya nyingine. Iunge sambamba, mguu mmoja kwenye waya wa breki, mwingine ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi). Waya zilehemiwe kwa risasi na kufunikwa kwa bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, zile klipu za kubana zinazotoboa waya kwenye hali ya hewa ya pwani zinaota kijani kabla ya mwaka. Tena iende kwenye waya wa breki au indiketa tu. Indiketa inawaka nusu ya muda, breki ina mapumziko. Taa ndogo inawaka Dar mpaka Dodoma usiku kucha. Mtu akikuwekea omu 6 kwenye waya wa taa ndogo amekufungia pasi kwenye buti.

Na kosa hilo linatokea sana, kwa sababu balbu ya P21/5W ina nyuzi mbili, wati 21 na wati 5, na fundi hajapima ipi ni ipi. Upande wa wati 5, kama lazima, ni omu 25 au 30, joto lake haliifikii wati 8.

Kingine cha kuchekesha: LED wati 3, rezista wati 32. Uliyeweka LED ili kupunguza mzigo wa altaneta, umeuongeza.

Nyani_Mzee

Kwa hiyo tukubaliane LED za nyuma ni ujinga? Balbu ya Osram au Philips elfu chache, inakaa miaka, trafiki hakusumbui, dashibodi imetulia. Vijana mnapenda shida.

FundiWaya

@Nyani_Mzee mkuu una hoja, na wateja wengi nawarudisha huko huko. Ila si ujinga.

Balbu ya kawaida ya breki inachukua kama sehemu 2 za kumi za sekunde mpaka iwake kikamilifu, LED inawaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 27 na ushee kila sekunde. Aliye nyuma yako anapata mita 5 na nusu za ziada, zaidi ya urefu wa gari lake mwenyewe. Kwenye barabara ya Morogoro na basi limekukaa mgongoni, mita 5 si haba. Watengenezaji hawakuwa wanatafuta urembo tu. Maserati 3200 GT ya 1998 ilikuja na taa za nyuma za LED, Cadillac DeVille ya 2000 nayo, na leo magari mengi mapya yanakuja nazo.

Tofauti ni kwamba wao walichora taa nzima kwa ajili ya LED. Sisi tunachomeka LED kwenye taa iliyochorwa kwa ajili ya uzi mmoja unaowaka katikati na kumwaga mwanga pande zote. Kile kioo cha ndani kinausubiri mwanga utoke sehemu ileile. LED yenye chipu kwa mbele tu inatoa nukta kali katikati na pembeni giza. Ukisimama nyuma moja kwa moja unasifia, ukisogea hatua tatu pembeni taa imepotea, na bodaboda anayekuja kwa pembeni ndiye anayehitaji kukuona.

Ubaya zaidi ni tofauti ya taa ndogo na breki. Kwa balbu ni wati 5 dhidi ya 21, macho yanaona mara moja. LED nyingi za bei poa, taa ndogo inawaka karibu sawa na breki. Usiku aliye nyuma hajui kama umekanyaga. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiogopa kuliko onyo lolote la dashibodi, na dashibodi haitakuambia.

Kipimo chake: mwite mtu, asimame hatua kumi nyuma ya gari, taa zimewashwa, asikuangalie wewe. Kanyaga breki. Kama hakusema "sasa" papo hapo, zitoe.

Kijana_Tabata

Rangi je mkuu? Nimeweka nyeupe nyuma ya kioo chekundu, si inatoka nyekundu?

FundiWaya

Inatoka, lakini kioo chekundu kinakula rangi nyingine zote, unabakiwa na kiasi kidogo, tena yenye uwaridi. LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu inapita karibu yote. Njano kwa indiketa, nyekundu kwa breki na taa ndogo, nyeupe kwa rivasi na namba. Ukiona indiketa ya gari lako ina kioo cheupe, balbu yake ya asili ilikuwa ya njano, na vile vichomo viwili vya pembeni vimepishana makusudi ili usichomeke nyeupe.

Na wale wa kupaka taa rangi nyeusi ya moshi, halafu wanaweka LED ili kufidia mwanga uliopotea, hao nawaacha na trafiki na faini yao.

Mswahili_Bremen

Nawasoma kutoka Ujerumani. Huku mambo ni magumu zaidi. LED isiyo na kibali ukiichomeka kwenye taa ya nyuma ya gari lililotoka na balbu, kibali cha gari kuwa barabarani kinakufa, bima nayo inaanza maneno siku ya ajali. Hata LED za taa za mbele za kuchomeka zilipata kibali cha kwanza mwaka 2020 tu, za Osram za H7 (aina ya balbu ya taa za mbele), na kwa orodha ya magari maalumu. Tunachofanya huku ni kununua taa nzima ya LED ya toleo la juu la gari lilelile, yenye alama ya E (ya kibali) kwenye kioo, halafu kodingi. Bei inauma lakini unalala usingizi mmoja.

FundiWaya

@Mswahili_Bremen asante sana, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Hata hapa taa nzima zinapatikana kwenye magari yaliyokatwa yanayoletwa kutoka Japani, Ilala na Gerezani ukitafuta kwa utulivu. Angalia plagi kabla hujalipa: taa ya LED na ya balbu za gari moja mara nyingi zina idadi tofauti ya pini, utahitaji waya wa kuunganishia. Mulika tochi ndani ya kioo uone kama kuna ukungu wa maji. Jaribu kwa betri pale pale dukani, chipu moja ikiwa imekufa ndani huwezi kuibadili kama balbu.

Mama_Golf

Kaka, mrejesho. Nimeenda kwa wa kodingi. Kabla hajaunganisha kompyuta akaniuliza kama onyo lilikuwepo kabla ya LED. Nikakumbuka ndiyo, lilikuwa linakuja na kuondoka hata nikiwa na balbu za zamani, hasa mvua ikinyesha. Akafungua taa ya kulia, akachomoa plagi, akanionesha pini moja imegeuka rangi ya kahawa, plastiki yake imevimba, na kwenye waya wa kahawia kuna unga wa kijani. Akasema hata angezima kila kitu kwenye kompyuta taa ingeendelea kuzima. Amekata, ameweka pini mpya, ameng'arisha kitako. Onyo limeondoka lenyewe, na LED bado ziko kwenye mfuko 😅

FundiWaya

Huyo fundi usimpoteze.

Wakuu someni hapo kwa Mama_Golf mara ya pili. Waya wa kahawia kwenye magari ya Kijerumani ndiyo ethi. Taa zote za upande mmoja zinarudisha umeme kupitia pini hiyo moja. Ikilegea kidogo au ikipata kutu inapata moto, ikipata moto inazidi kulegea, mwisho inaungua. Dalili zake: ukikanyaga breki taa ndogo inafifia, ukiwasha indiketa breki nayo inapepesa kwa mdundo uleule, au onyo linakuja siku za mvua tu.

Tena si la magari yaliyochoka peke yake. Mwaka 2014 Mercedes-Benz waliita Marekani C-Class zaidi ya 250,000 za mwaka 2008 hadi 2011 kwa sababu ya kutu kwenye kiunganishi cha taa za nyuma, taa zilikuwa zinafifia au kuzima. Hilo ndilo umbo la W204, na zimejaa hapa mjini. Mwenye nayo akafungue leo.

Kupima ni rahisi. Maltimita kwenye volti, ncha moja kwenye ethi ya taa ikiwa imechomekwa, nyingine kwenye chuma safi cha bodi, mtu akanyage breki. Ukisoma sifuri na pointi kidogo, ethi ni nzima. Ukisoma nusu volti au zaidi, LED zisubiri kabatini.

Mkaazi_Kisauni

Yangu nimeisoma volti 1 na nukta 3. Naona hata kabla ya rezista nilikuwa na ugonjwa.

FundiWaya

Mzee hiyo ni nyingi mno. Fuata waya mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, toa boliti, safisha kwa msasa mpaka chuma king'ae, rudisha na upake grisi juu kuzuia chumvi. Upime tena. Ikishuka, umemaliza. Isiposhuka, shida ni kwenye plagi yenyewe.

TaniKumi

Wakuu, niko na Fuso, na kaka yangu ana Scania anayokwenda nayo Tunduma. Kuna duka limetuuzia LED za nyuma pamoja na rezista za omu 6, wanasema ni zilezile za magari yote. Hazijafungwa bado. Tuzifunge?

FundiWaya

Msizifunge kabisa!

Magari yenu ni ya volti 24, yakiunguruma ni karibu 28. Zidisha 28 kwa 28, gawa kwa 6: wati 130 kwenye rezista ya wati 50. Hiyo haitoboi kitambaa kama ya mzee wa Kisauni, hiyo inawasha moto nyuma ya taa iliyo jirani na turubai.

Balbu ya wati 21 kwa volti 24 ina ukinzani wa karibu omu 27. Kwa hiyo rezista yake ni ya omu 27, joto litakuwa wati 29 hivi, na bado ifungwe kwenye chesesi, isiguse plastiki. Lakini kwanza chunguzeni kama mnaihitaji. Fuso nyingi za zamani breki hazipimwi na chochote, ni indiketa tu zitakazokimbia, na dawa yake ni rilei ya LED iliyoandikwa volti 24. Scania za sasa zina kompyuta, hiyo apeleke kwa mtu mwenye kifaa chake aiambie kwamba taa ni LED.

Na hizo LED zenyewe zisomeni. Ziwe zimeandikwa 24 au 10 hadi 30. Zikiandikwa 12 tu zirudisheni pamoja na rezista.

Nipigie picha kitako cha balbu ya zamani na juu ya rilei yako, weka humu, nikuambie cha kuulizia dukani.